Jiwe Linakwenda Kulia

Ketola Lake, Minnesota
Januari 6

Kwako Lempi,

Wade ameniambia kwamba huko Arizona kwenye jua lako hutaki tena kusikia sauti yangu kwenye simu, kwa sababu Krismasi nilikukatia. Ni kweli nilikukatia, na ukisema tena kuwa mwanangu analelewa kama mbwa mwitu nitakukatia tena. Lakini umetaka maandishi, basi maandishi ndiyo haya.

Nianze na lile tunalolijua sote wawili, asije mtu akasema baadaye hakuelewa. Mimi na mwanao Wade tulipoachana tulikubaliana hivi mbele ya mpatanishi: Aili atasoma nyumbani kwangu mpaka Aprili. Aprili wewe, mwalimu mstaafu wa sayansi na bibi yake mzaa baba, utaandika kama amejifunza sayansi ya kumtosha mtoto wa miaka kumi na mmoja. Ukisema ndiyo, Wade anatia saini na mtoto anabaki kwangu. Ukisema hapana, anahamia Duluth kwa baba yake na Septemba anaingia shule. Wade ndiye aliyekuchagua wewe. Nilikubali kwa sababu una mabaya mengi, lakini hakuna anayeweza kukuhonga.

Sanduku lako la vitabu limefika, asante. Aili alifungua cha juu, akasoma kidogo habari za msuguano, akauliza, "Mama, huyu anayesema hivi alipimia wapi?" Akakifunga akaenda klabuni kucheza. Usikasirike. Huyu ndiye yule yule aliyekalishwa nusu mwaka kwenye dawati la korido kwa sababu alimwambia mwalimu kuwa ramani ya ukutani imekosewa. Na ilikuwa imekosewa kweli, Lempi, ziwa letu liliwekwa upande wa pili wa barabara. Mwalimu hakuiondoa ramani, alimwondoa mtoto. Siku niliyojua nilikwenda nikamchukua, na sijajuta hata saa moja.

Sasa sikiliza. Nataka sayansi yote ya msimu huu aisome kwenye mchezo wa mawe. Wewe unaujua kuliko mimi, naambiwa ulicheza mpaka magoti yakakataa. Mtoto anashinda pale klabuni akisukuma yale mawe ya itale kwenye barafu mpaka kwenye duara, au akiyakimbilia mbele na ufagio akisugua barafu ili yafike. Juzi anafunga viatu akaniuliza kwa nini barafu yao imejaa vinundu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nikamwambia ni kwa sababu yule mtunza barafu wa klabu hutembea kinyumenyume akinyunyiza matone. "Anavyofanya najua," akasema, "nauliza kwa nini jiwe linafika mbali kwenye vinundu kuliko kwenye barafu laini." Mimi kazi yangu ni kuoka pasti, vile vifuko vya unga vyenye nyama na viazi, za kuwauzia wachimba chuma. Sikujua. Nimeamua tutatafuta pamoja.

Sikuombi ruhusa. Nakuarifu. Kama una neno kuhusu mpango huu, liseme sasa, usilingojee Aprili.

Corrine


Arizona
Januari 15

Corrine,

Barua imefika. Mistari yako inapanda mlima, lakini inasomeka.

Mchezo si somo. Kila mwaka shuleni kwetu alikuja kijana mmoja wa mafunzo ya ualimu, mpira kwapani, akisema watoto wataipenda sayansi. Watoto waliupenda mpira. Ukimpa mtoto ufagio na barafu atarudi na mashavu mekundu na hamu ya kula. Hiyo ni afya njema, na mimi sikuombwa kupima afya.

Hata hivyo sitaki useme nilikubania. Fanya mchezo wako wa mawe, ila ufanye kwa utaratibu. Kila wiki swali moja tu. Kabla ya kupima aandike anachodhani kitatokea, kwa wino, na asifute. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati, vingine asiviguse. Arudie. Akikosea, kosa libaki pale pale kwenye karatasi mtu alione. Usinambie ni ukali wa uzee. Bila hayo mtakuwa mnacheza tu.

Ninayotaka kuyaona ni matone na jinsi yanavyoganda, msuguano, joto la kufagia, mapigo ya moyo ya wafagiaji, na mwisho, kwa nini jiwe linalozunguka hupinda njia. Hili la mwisho ndilo nitakalolipima zaidi, kwa hiyo nakupa jibu mapema usije ukampoteza mtoto. Jiwe likiteleza hulemea mbele. Barafu huishika sehemu ya mbele kuliko ya nyuma, na kwa kuwa jiwe linazunguka, huvutwa pembeni. Ni sawasawa na glasi iliyofudikizwa ukiisukuma mezani huku inazunguka. Nimelifundisha hili miaka thelathini na moja.

Na kuhusu ramani: mwenye watoto ishirini na wanane darasani hawezi kusimama kila mmoja anapoinua kidole. Ungesimama wewe pale siku moja tu, tungezungumza vizuri.

Mwambie Aili avae soksi za sufu nilizomfumia, aachane na za dukani. Na ninasikia bado unatia karoti kwenye pasti.

Lempi Rautio


Ketola Lake
Februari 4

Kwako Lempi,

Ndiyo, natia karoti, na zinaisha kabla ya saa sita.

Nakupa habari za masomo. Wiki ya matone tulijaza chupa mbili, moja maji ya moto moja ya baridi, Aili akanyunyiza uani kwenye trei za mikate yangu. Aliandika kwa wino kuwa ya baridi yatafanya vinundu vizuri zaidi. Yakawa ya moto. Tone la moto linakaa vizuri pale linapoangukia, likiganda linashikamana, la baridi linang'oka hata kwa kucha. Akataka kuchana karatasi. Nikamwambia bibi yako amesema kosa libaki. Akakutukana kidogo, kisha akaliacha.

Wiki ya msuguano alivuta boksi lenye viazi juu ya barafu, mara limevalishwa soksi chini, mara kipande cha mpira, mara karatasi, akipima kwa ile mizani ya ndoano ya kupimia samaki. Aligeuza jiwe juu chini akakuta tumbo lake limechimbwa, kumbe linagusa barafu kwa duara jembamba tu. Alinipigia simu kutoka klabuni kuniambia hilo, anahema kama ameona dubu.

Wade alikuja Jumamosi. Alisimama nyuma ya kioo cha watazamaji, mikono mfukoni, akasema, "Hivi ndiyo shule?" Aili akampa ufagio, "Baba, nahitaji moyo wa mtu mzima." Akamfagilisha uwanja mzima, kwenda na kurudi, kisha akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu. Mwanao alikuwa mwekundu kama mhunzi, hakuweza hata kunijibu. Yameandikwa yote, jina lake na mapigo yake, utayakuta.

Ule utaratibu wako wa swali moja na wino unafaa. Imeniuma kuandika sentensi hiyo, kwa hiyo isome mara moja tu.

Corrine


Ketola Lake
Februari 19

Bibi,

Mama anajua nakuandikia ila hajui nakuandikia nini.

Nimefanya jaribio lako la glasi. Niliipangusa meza ya jikoni nikafudikiza glasi. Niliandika kwa wino: glasi itapinda upande ule ule wa jiwe. Halafu nikaisukuma huku naizungusha kufuata mishale ya saa. Ikapinda kushoto. Nikarudia mpaka mama akasema atanikata masikio. Kushoto tu. Ile yenye picha ya samaki imevunjika, samahani, najua ulileta wewe.

Halafu nikaenda klabuni nikasukuma jiwe, nikalizungusha vile vile kufuata mishale ya saa. Likapinda kulia. Pale klabuni kila mtu anajua linakwenda kulia, hata wale wadogo wanaolala chini kuramba barafu.

Kwa hiyo bibi jibu lako ni la glasi, si la jiwe. Nilikaa kwenye benchi nikafikiri. Jiwe likizunguka hivyo, mbele yake inakwenda kulia. Kama barafu inaishika mbele zaidi, ingelisukuma kushoto, kama meza inavyofanya glasi. Lakini haifanyi. Basi kwa nini? Mimi sijui. Wewe unajua? Kama hujui niambie tu hujui, sitamwambia mtu.

Soksi zako nimevaa, miguu ina joto, asante.

Aili


Arizona
Februari 28

Corrine,

Nimepata barua ya mtoto, na nimeitambua sauti iliyo nyuma yake. Kama una ugomvi na mimi, ulete wewe. Usimtume mtoto wa miaka kumi na mmoja aje aniambie kuwa nimewadanganya watoto wa watu maisha yangu yote, tena ananiahidi hatamwambia mtu, kama mimi ni mwizi wa kuku.

Meza yenu imeinama. Nimekula pale, supu ilijaa upande mmoja wa sahani. Chochote utakachokisukuma juu yake kitakwenda kitakako.

Mtoto kuuliza ni jambo jema. Mtoto kufundishwa kuwa kila anachoambiwa na mkubwa ni uongo mpaka akipime mwenyewe jikoni, hilo ni jambo lingine, na ndilo lililompeleka kwenye ile korido. Dunia haitamvumilia kama unavyomvumilia wewe. Atafukuzwa kila atakapoingia, na siku hiyo wewe hutakuwepo kuja kumchukua na viatu vyake mkononi.

Jibu la swali la mwisho ni lile nililokuandikia. Likija jingine nitaandika hapana, na nitakuwa sijamwonea mtu.

Lempi Rautio


Ketola Lake
Machi 10

Kwako Lempi,

Nakutumia kazi yote ya Aili, wiki baada ya wiki, na majibu yote, pamoja na lile la mwisho. Utaona limekaa ulivyotaka. Huenda meza imeinama kweli.

Sina mengi. Jumapili yalikuwa mashindano ya watoto, walifika fainali. Jiwe la mwisho la timu yao lilikuwa linakwenda vizuri, wangeshinda. Aili alikuwa anafagia mbele yake, akainua mkono, akasema, "Nimeligusa." Ufagio wake ulilipapasa kidogo tu. Hakuna aliyeona, wala sisi kwenye kioo, wala wenzake, wala wale waliokuwa wanashindana nao. Wewe unaujua mchezo huu, hakuna mwamuzi wa kukimbia na filimbi, ukiligusa wewe au akiligusa mwenzako mnasema wenyewe. Jiwe likaondolewa, wakashindwa. Walioshinda wakawanunulia chokoleti ya moto kama desturi ilivyo, wakakaa meza moja wakicheka, nami peke yangu ndiye niliyetoka kungojea nje. Njiani nikamwambia, "Lakini kweli, ungenyamaza kungebadilika nini?" Akaendelea kuupangusa ufagio wake mpaka tukafika.

Nasubiri maandishi yako.

Corrine


Ketola Lake
Machi 14

Bibi,

Ukurasa wa mwisho si wangu.

Mama aliandika. Niliuona kabla hajafunga bahasha, ameiga mwandiko wangu lakini hizo si "a" zangu. Ukurasa wangu uliandikwa kuwa glasi inakwenda kushoto na jiwe linakwenda kulia na kwamba jibu halijulikani, angalau mimi silijui. Nimeukuta kwenye kikapu cha karatasi za kuwashia jiko. Nimeupangusa, nakutumia. Ile alama ya mafuta ni ya pasti.

Usimkasirikie sana. Alinibembeleza niandike jibu lako nikakataa, halafu akanyamaza, nikadhani ameacha. Amegusa jiwe, bibi. Yeye yuko timu yangu, kwa hiyo lazima niseme mimi.

Najua maana yake. Mimi si mtoto mdogo, nilikuwa juu ya ngazi siku ile mpatanishi alipokuja. Najua ukisema hapana nitaenda Duluth. Baba ana chumba kizuri tu. Lakini usimwambie mama kwamba nimesema mimi, tafadhali, atalia, na akilia hapiki.

Bado sijui kwa nini linakwenda kulia. Nimeanza kufikiri labda vile vinundu vinachanika. Sijapima.

Aili


Arizona
Machi 20

Corrine,

Nina swali moja, na nataka jibu kwa mkono wako mwenyewe. Ukurasa wa mwisho wa kazi ya Aili umeandikwa na nani?

Lempi Rautio


Ketola Lake
Machi 26

Lempi,

Mimi.

Nimeuandika mimi, kwa mkono wa kushoto ili herufi ziyumbe kama zake, akiwa mazoezini. Sasa unajibiwa kwa wa kulia. Usingojee nilie.

Wewe ndiye uliyeandika kwamba likija jibu jingine utasema hapana. Ulitegemea nifanye nini? Nilimwomba Aili aandike la kwako. Alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo, akasema, "Lakini linakwenda kulia." Sikumlazimisha. Nikawaza, karatasi moja tu, bibi yake afurahi, mtoto abaki. Wake nikautupa kwenye karatasi za jiko, zimeshaungua. Yeye hajui lolote. Ukimwambia, sitakusamehe hata tukizikwa makaburi ya kanisa moja.

Lakini kwa kuwa umeuliza, leo nasema yote. Meza yangu haikuinama. Nimeazima pimamaji ya fundi nikaiweka juu, kiputo chake kimekaa katikati kabisa. Supu yako ilijaa upande mmoja kwa sababu nilikupa ile sahani iliyopinda, na nilikupa makusudi. Nimeisukuma glasi mwenyewe, na inakwenda kushoto. Nimekwenda klabuni na viatu vyangu vya jikoni nikasukuma jiwe mbele ya watu wote, nikaanguka kwa makalio, na nikiwa pale chini nikaliona kwa macho yangu linakwenda kulia. Hakuna mtu aliyekuwa nyuma ya barua ya mtoto, Lempi. Mimi nilikuwa naosha trei. Sauti uliyoitambua ilikuwa yake, na umeshindwa kuijua kwa sababu hukuwahi kumwacha amalize sentensi.

Umeniambia dunia haitamvumilia. Labda. Lakini basi iwe dunia ndiyo iliyomshinda, isiwe mimi. Nilipoandika ule ukurasa nilijiunga na wale waliomweka kwenye korido.

Kwa hiyo mwandikie Wade. Mwambie Corrine ni mwongo, ameghushi karatasi, nitatia saini hapo chini. Lakini ukiandika kuwa Aili hajajifunza sayansi, utakuwa umefanya uongo kama wangu, na wewe hutakuwa hata na kisingizio changu, maana hakuna anayekuja kukunyang'anya mtoto.

Corrine


Arizona
Aprili 3

Wade,

Uliniomba niandike, naandika. Nakala nimempelekea Corrine, sitaki maneno ya pembeni.

Aili amejifunza sayansi. Kazi yake yote ninayo hapa. Sehemu za matone, msuguano, joto na moyo zimefanywa vizuri kuliko nilivyotegemea, na wewe mwenyewe umo humo, ukurasa wa moyo, nakushauri upunguze bia.

Sasa kuhusu swali la mwisho. Jibu nililompa mimi lilikuwa na kosa. Mtoto aliniambia, nikakasirika, nikamsingizia mama yake na meza yao. Aliponiandikia mara ya pili nilichukua glasi nikaenda nayo kwenye ukumbi tunakochezea karata, nikaifudikiza mbele ya rafiki zangu, wanawake wenye midomo. Ikapinda kushoto. Tukajaribu kila glasi ya ukumbi. Nikampigia mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anafundisha chuo kikuu. Alicheka sana, halafu akasema wataalamu wanabishana mpaka leo kwa nini jiwe linakwenda kulia, wengine wanasema ni mikwaruzo, wengine ni unyevu, na hawajakubaliana. Swali nililokuwa nawapa watoto kama limeshafungwa, kumbe bado liko wazi. Mjukuu wangu aliniandikia kwamba jibu halijulikani. Hilo ndilo jibu sahihi.

Lipo jingine, na huna budi kulijua. Ukurasa wa mwisho ulioletwa kwangu mara ya kwanza aliuandika Corrine kwa kuiga mwandiko wa mtoto, ili anifurahishe mimi. Amekiri mwenyewe nilipomuuliza. Najua unavyosoma, utataka kuishia hapa upeleke karatasi hii kwa mpatanishi. Endelea kusoma. Kabla Corrine hajakiri, Aili alishaniambia. Aliandika, akaweka na ukurasa wake wa kweli, akaandika waziwazi kwamba anajua ukweli huo utamtoa nyumbani kwa mama yake. Alinunua stempu akaipeleka barua posta mwenyewe. Sijawahi kuwa na mwanafunzi aliyefanya jambo kama hilo, na sikumfundisha mimi, wala vitabu nilivyotuma. Kafundishwa pale pale alipo, jikoni na kwenye ile barafu.

Corrine simpendi, mji mzima unajua. Ananikatia simu, anatia karoti mahali pasipo na karoti, na amenilisha kwenye sahani mbovu makusudi. Hayo ni yetu sisi wawili. Ulisema mtoto anahitaji shule apate nidhamu. Nidhamu anayo kutushinda sote. Kitu pekee ambacho wangemwongezea ni kunyamaza, na mimi siweki jina langu kwenye hilo.

Nakwambia ndiyo. Ulikubali mbele ya mpatanishi kwamba neno langu ndilo la mwisho, basi tia saini wiki hii. Ukianza kuzungukazunguka nitapanda ndege nije niketi upande wa Corrine mbele ya watu, nimevaa lile koti jekundu unaloliogopa.

Mama yako


Ketola Lake
Aprili 10

Kwako Lempi,

Saini ya Wade imefika jana. Usidhani sasa sisi ni marafiki. Kwa yale ya barua ya Februari bado nakudai maneno, utayasikia uso kwa uso ukirudi Mei.

Nakala yako niliisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini. Nilipofika pale ulipoandika kuwa Aili alikuambia kabla yangu, nikakaa juu ya gunia la unga. Nilikasirika, sikufichi. Mimi nilikuwa nakuapia kwamba hajui, niko tayari kupigana na wewe kwa ajili hiyo, kumbe mwenyewe alishakwenda posta.

Nikamwita. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi kwanza. Akasema, "Ungenikataza." Nikasema ndiyo, ningekukataza, ningeficha hata stempu. Akasema, "Ndiyo maana."

Nikamwambia haendi Duluth, baba ametia saini, yamekwisha. Nilidhani ataruka. Alisimama tu, akaniuliza kama nina hakika, nikampa karatasi akaisoma mwenyewe, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Kisha akatoka, akarudi anaburuta lile begi lake la michezo, limejaa mpaka zipu imegoma. Alikuwa amelificha nyuma ya kuni za bafu la mvuke. Amelifunga tangu siku aliyokupelekea barua, ili akija kuchukuliwa awe tayari, nisipate shida ya kumfungia. Ndiyo sababu wiki zote hizi alikuwa anavaa sweta moja tu, la kijani, na mimi nilikuwa namgombeza kila asubuhi kwa uvivu wa kubadilisha nguo.

Tukakaa sakafuni tukaanza kuzitoa nguo. Yeye alikuwa anakunja, mimi narudisha kabatini, mpaka begi likawa tupu.

Corrine